Umefunga Nini?

Tangu niweke spana chini mwezi uliopita, vijana wa kazi wananipigia simu kuuliza mambo ambayo simu haiwezi kuonyesha. "Mama Shiro, mfereji unatoa jasho." Jasho la wapi? La juu, la chini, au la ukutani? Mtu anaongea mpaka salio linakwisha na bado sijajua kama ni sinki au ni choo. Kwa hiyo nimekaa hapa kwangu Yamumbi nikaandika. Wanaotaka kujua nilipanda cheo gani watafute kitabu kingine. Fundi wa maji hana cheo cha kupanda, ana ngazi tu, na mara nyingi hata hiyo ngazi ni ya kuazima.

Niliingia kazi hii kwa sababu ya mkono mdogo. Mama yangu alikuwa na kibanda cha mkate, sabuni na mafuta ya taa, na mimi nilipomaliza shule nilikaa nyuma ya dirisha nikihesabu chenji mara mbili: ya kwanza kwa ajili ya mteja, ya pili kwa ajili ya mama. Mteja mmoja alikuwa Mzee Wekesa, fundi wa mabomba aliyekuja Eldoret kutoka upande wa Bungoma kutafuta kazi, akaipata, akasahau kurudi. Hakuwa mzee wakati huo, ila alitembea kama mtu ambaye hakuna anayemfukuza, basi tukamwita Mzee. Viganja vyake vilikuwa vipana kama majembe. Siku moja alikuja dirishani bila kutaka kununua kitu.

"Mama, niazime huyu msichana saa moja tu."

"Huyu si spana," mama akasema.

"Kuna nati iko nyuma ya sinki. Mkono yangu haiingii."

"Kazi ya mabomba? Msichana?"

"Nati haiulizi, Mama."

"Na ukimharibu?"

"Nitamrudisha akiwa na kazi."

Walivutana mpaka Mzee Wekesa akajikuta amenunua mikate miwili ambayo hakuihitaji, ndipo mama akanifungulia mlango. Ile saa moja imeisha mwezi uliopita.

Siku hiyo ya kwanza nililala chali chini ya sinki, kutu ikiniingia machoni, Mzee Wekesa amechuchumaa kando akinielekeza kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Funga macho. Nati hutaiona, utaishika. Ishike kwanza, uijue." Niliposema inagoma, akaniambia naikaza badala ya kuilegeza. "Ukilala chali, dunia haijageuka. Ni wewe umegeuka." Nimewaambia maneno hayo wasaidizi wangu wote, na wote waliikaza kwanza kabla ya kunisikia.

Baadaye alinipa spana yake ya shingo ndefu, ile yenye mdomo unaojipindua upande huu na huu, ya kufikia nati zilizo juu nyuma ya sinki. Yeye aliiita korongo. Ukiwa na korongo, tochi, kitambaa kikavu na beseni dogo la kukingia maji, kazi ya kubadilisha fleksibo haina maajabu. Fleksibo ni zile bomba mbili laini, zimevikwa nyuzi za chuma zilizosukwa, zinazotoka ukutani kupeleka maji kwenye mfereji wa sinki, moja ya baridi na moja ya moto. Zikianza kuota kutu kwenye nyuzi, usingoje zikuambie. Zitakuambia ukiwa kanisani.

Mambo ya kuyajua ni machache. Ukiwa dukani, fungua karatasi, chungulia ndani ya nati. Kila upande unaokaziwa nati uwe na mpira wake, ile pete ndogo ya ndani. Hesabu, halafu hesabu tena, kwa sababu mwenye duka naye ameshahesabu. Kuna mmoja pale mjini aliniuliza, "Mama, huniamini?" Nikamwambia namwamini sana, ndiyo maana nahesabu mbele yake badala ya kwenda kuhesabia nyumbani. Akacheka, akanipunguzia, na mpira mmoja kweli haukuwemo.

Tepu nyeupe huzungushwa kwenye nyuzi za valvu inayoingia ukutani. Usiizungushe kwenye nati ya fleksibo. Pale kinachozuia maji ni mpira, na tepu inauzuia mpira usikae. Kisha kuna ugonjwa wetu wa kusema "kaza mpaka ilie." Nimewasikia mafundi wa mji huu wote wakiusema, na nimelipwa mara nyingi kwenda kurekebisha kilio hicho. Kaza kwa vidole mpaka ikatae, ongeza robo kwa spana, basi. Ikilia, mpira umekatika. Na asubuhi za Julai, mpira uliolala ndani ya gari huwa mgumu kama kifungo cha koti. Uweke mfukoni karibu na mwili unapokunywa chai, ukimaliza kikombe nao umelainika.

Hayo yote mtayajua kwa mikono. Kuna jambo moja ambalo mikono haifundishi, na ndilo lililonikalisha hapa kuandika. Lilitokea mtaa wa Elgon View, nyumbani kwa Mzee Kosgei.

Wakati huo nilikuwa na wateja wangu mwenyewe, na Mzee Wekesa alikuwa mzee kweli. Akipata kazi ya ghorofani alinipigia simu, kwa sababu magoti yake yalikuwa yameanza kukataa ngazi. Mzee Kosgei alitupokea getini mwenyewe, amevaa koti zito na kofia, fimbo mkononi. Alikuwa mkulima wa ngano maisha yake yote, mkewe ametangulia, na katika nyumba ile kubwa alibaki yeye na mama mmoja wa kumpikia. Hakutukaribisha ndani. Alitusimamisha palepale, akaongea chini chini.

"Fundi, kijana yangu amelala hapa jana. Ametoka Nairobi. Leo jioni ananibeba twende naye huko, na hii nyumba inafungwa. Anasema nimeanza kusahau."

"Umesahau nini, Mzee?" Mzee Wekesa akauliza.

"Nilianguka bafuni. Ile sinki inavuja, taili zinakuwa na maji. Mimi nilianguka juu ya maji, sikuanguka juu ya kusahau. Mkiniondolea hiyo maji, nitakuwa na kitu ya kumwambia."

Mzee Wekesa alimwangalia kidogo. Walikuwa rika moja, labda mwaka mmoja au miwili kati yao. "Tutaiondoa," akasema.

Maji ya baridi ya nyumba ile yalitoka moja kwa moja barabarani, yakizimwa kwenye valvu iliyokuwa ndani ya kishimo cha saruji kando ya geti. Juu ya kishimo kulikuwa na mfuniko wa chuma na kufuli kubwa, kwa sababu watu waliokuwa wakijenga jirani walikuwa wamezoea kuja kuunganisha mpira wao wa maji pale usiku. Ufunguo ulikuwa mmoja, ndani ya koti la Mzee Kosgei, na hakumpa mtu. Alitufungulia, tukaijaribu valvu kidogo, ikazunguka vizuri. Hatukuizima palepale kwa sababu kijana alikuwa bado anaoga chini. Mzee Wekesa akasema, "Basi, Mzee, sisi tunapanda. Akimaliza kuoga, wewe ufunge." Mzee Kosgei akaitikia, akakaa juu ya jiwe kando ya kishimo kama askari wa zamu.

Tukapanda. Kwenye sinki ya bafu la juu tulikuta fleksibo mbili zimeoza, na valvu mbili za kona ukutani zimezimwa na watu wa nyumba ili kupunguza uvujaji. Nazo zilikuwa zimezeeka, zinadondosha. Tukaamua kuzing'oa zote. Maji ya moto nikayazima kwenye tanki lake. Tulipomsikia kijana amemaliza kuoga tukangoja kidogo, halafu Mzee Wekesa akatoa kichwa dirishani.

"Mzee! Umefunga?"

"Nimefunga!"

Akafungua mfereji wa sinki kuhakikisha. Mkavu kabisa. Hapa, vijana, simameni kidogo mfikiri. Mfereji ule ungekosaje kuwa mkavu, na valvu zake za kona zimezimwa? Ukitaka kujua kama nyumba haina maji, jaribu mfereji mwingine, wa bafu au wa jikoni. Unaoutengeneza hauwezi kuwa shahidi wako.

Fleksibo zikatoka vizuri. Mzee Wekesa akaanza kuizungusha valvu ya kona upande wa baridi. Ilipofika uzi wa mwisho iliruka ikagonga mlango, na maji yakatoka ukutani kama yaliyokuwa yakingoja kuitwa. Akaziba tundu kwa kiganja. Kile kiganja ambacho hakikuwahi kuingia nyuma ya sinki yoyote kilitosha kufunika ukuta, lakini maji ya barabarani yana nguvu, yakawa yanamtoka kati ya vidole mpaka usoni. "Kimbia!" akaniambia.

Nilipopita sebuleni dari lilikuwa limeshaanza kuvimba. Nilipofika getini, Mzee Kosgei alikuwa bado amekaa juu ya jiwe lake, mfuniko umelala mahali pake na kufuli limetiwa.

"Mzee, maji! Hujafunga!"

"Nimefunga," akasema, akalishika kufuli akalitikisa ili nione. Halafu akaniona nilivyolowa. Nilimwona akielewa. Sijui kama mmewahi kumwona mtu mzima akielewa kitu kabla hujamwambia. Alitoa ufunguo, ukamponyoka, akauokota mwenyewe. Sikuuchukua mkononi mwake. Alifungua, nikazima maji.

Kijana wake, Kiprop, alifika bila viatu, shati limelowa mabegani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kupigiwa simu na mpishi akiambiwa baba yake ameokotwa chini.

"Baba, waliuliza kama umefunga."

"Nilifunga."

"Baba! Dari inaanguka! Wanakuuliza umefunga maji unasema umefunga, na hujafunga!" Akanigeukia mimi. "Mama, umeona mwenyewe? Si nimekuwa nikisema? Sasa kesho itakuwa gesi."

Mzee Kosgei alilitazama lile kufuli mkononi mwake kama kitu cha mtu mwingine. Asubuhi alikuwa na neno moja tu la kumwambia mtoto wake, na sasa hata hilo lilikuwa limeenda na maji.

Niwaambie jinsi kazi yetu ilivyo, ingawa mnaijua. Fundi wa maji hutembea na washtakiwa watatu mfukoni: fundi aliyemtangulia, mwenye duka, na mwenye nyumba. Siku ile mshtakiwa alikuwa amejileta mwenyewe, mwanawe ameshamhukumu, na sisi tulichohitaji ni kunyamaza tu. Mzee Wekesa alikuwa na jina katika mji huu. Watu wa Elgon View walimwita kwa sababu hakuwahi kuangusha dari la mtu. Akashuka ngazi moja moja, ameshika ukuta, anadondosha maji, akatukuta getini.

"Kijana," akasema, "baba yako amejibu kile aliulizwa."

"Mzee, usimtetee. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Umesikia nini?"

"Uliuliza kama amefunga."

"Nifungiwe nini?"

Kiprop akamgeukia baba yake.

"Sikusema," Mzee Wekesa akaendelea. "Mimi nimekuja kufunga fleksibo. Nataka nifungiwe maji. Hapa kwa mfuniko kuna kufuli ya kufunga, na baba yako amekuwa akiifunga kila siku kwa sababu ya wezi. Wewe mwenyewe umekuja kufunga nyumba. Neno moja, na sisi wote tumelipanda kama punda wa mjane. Ukimwambia mtu funga akiwa amesimama juu ya kufuli, atafunga kufuli. Hata mimi ningefunga kufuli."

"Kwa hivyo makosa ni yako?"

"Ni yangu. Swali ndilo lilikuwa na tundu. Na hiyo dari nitairudisha mimi."

Nilimvuta mkono, kwa sababu nilijua dari lile ni kubwa kiasi gani na nilijua mfuko wake ni mdogo kiasi gani. Hakunitazama. Dari alilirudisha kweli, yeye na mimi na seremala mmoja mvumilivu, na siku hizo zote hakulalamika ila kuhusu chai, kwamba ilikuwa na maziwa mengi. Baada ya siku ile hatukutumia tena neno "kufunga" kazini. Maji huzimwa. Nati hukazwa. Kufuli hutiwa. Nikisikia msaidizi anapiga kelele dirishani "Umefunga?" mimi hujibu, "Nimefunga nini?" na simjibu zaidi mpaka aseme. Mzee Wekesa amelala kwao Bungoma sasa, lakini kila ninapouliza swali kutoka dirisha la juu, naliangalia kwanza kama lina tundu.

Lakini siku ile ilikuwa haijaisha. Kazi ilikuwa imebaki ukutani, na nyumba haina maji. Tukarudi juu. Kiprop akatufuata, akasimama mlangoni mwa bafu, mikono kifuani, kama mtu anayengoja kosa la pili. Nilizungusha tepu kwenye valvu mpya za kona, nikazitia ukutani. Nikatoa mipira mfukoni, nikaihesabu, nikaihesabu tena. Nikaingia chini ya sinki na korongo, nikakaza juu, nikakaza chini, vidole kwanza halafu robo. Fleksibo zikakaa bila kujipinda. Nikaweka karatasi kavu ya choo chini ya kila nati, kwa sababu karatasi huona tone kabla ya jicho.

"Sasa tunahitaji maji," Mzee Wekesa akasema.

"Naenda mimi," Kiprop akasema.

"Ufunguo ni ya baba yako."

"Nitaichukua."

"Mwache," Mzee Wekesa akasema. Kwa jinsi alivyolisema, Kiprop hakuondoka mlangoni.

Mzee Wekesa akaenda dirishani. Chini, Mzee Kosgei alikuwa amesimama kando ya kishimo chake, fimbo imeegemezwa ukutani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, kidole kiko chini ya nati ya baridi, na nitakuwa mkweli, sikuwa nikiwaza nati.

"Mzee!" Mzee Wekesa akaita. "Sasa fungua!"

Nilisikia Kiprop akivuta pumzi. Nilitaka kumpiga Mzee Wekesa kwa spana, kwa sababu alikuwa amerudia kosa lile lile, neno lile lile limegeuzwa nje ndani. Hata leo sijui kama lilimponyoka au alilitoa makusudi, na nilipomuuliza aliniambia nimalizie chai yangu.

Kisha sauti ikapanda kutoka getini, ya polepole, yenye kukereka kidogo, sauti ya mtu aliyewahi kusimamia wavunaji wengi shambani.

"Nifungue kufuli, ama nifungue maji? Wewe fundi, ongea vizuri!"

Mzee Wekesa akaegemea dirisha. "Kufuli kwanza, Mzee! Halafu maji, pole pole! Robo, ungoje, halafu robo tena!"

"Sasa hiyo ndiyo kuongea!"

Tukasikia chuma kikilia. Tukasikia maji yakipanda ukutani, yakisukuma hewa mbele yake, mfereji ukakohoa mara mbili ukatoa uchafu wa kahawia, halafu maji meupe. Nikatoa karatasi chini ya nati moja moja, nikampa Kiprop azishike. Zilikuwa kavu. Alizishika muda mrefu kuliko karatasi ya choo inavyostahili kushikwa.

"Ameuliza," akasema. Hakuwa anasema na mimi.

Mzee Kosgei alipanda ngazi kwa shida, akasimama akaangalia sakafu. Tulikuwa tumeikausha. Akaigusa taili kwa fimbo, kule alikoangukia. Hakusema lile neno aliloliandaa asubuhi. Nafikiri aliona halihitajiki, au alikuwa amechoka.

Kiprop akaniuliza kama tunaweza kuweka vyuma vya kushikilia bafuni, kando ya sinki na kando ya choo. Nikasema tunaweza. Nikataja bei, nimeacha nafasi ya kupunguziwa kama ilivyo ada. Hakuomba nipunguze. Akasema sawa. Nikaihesabu mara ya pili, nikaipunguza mwenyewe.

"Viwekwe urefu gani?" akauliza.

"Hiyo si yangu wala si yako," nikamwambia. "Mzee, simama hapa kama umetoka kuoga. Usitafute mahali. Nyosha tu mkono."

Mzee Kosgei akaacha fimbo, akasimama mbele ya sinki, akanyosha mkono, ukaenda wenyewe mpaka ukutani ukatulia. Kiprop akasogea nyuma yake, akaweka kiganja chake juu ya kile cha baba yake, akasukuma kwa uzito wake wote kuona kama ukuta utavumilia.

"Ni mawe hiyo," Mzee Kosgei akasema. "Nilijenga mimi."

Nikatoa penseli, nikaweka alama chini ya mikono yao.